Nani Aliyemtawaza? Kauli za Kitenzi na Historia ya Mazingiwa ya Kasri la Zanzibar, 1896

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi kauli za kitenzi cha Kiswahili zinavyobeba, na wakati mwingine zinavyositiri, historia yenye utata. Mfano unaotumiwa ni mazingiwa ya kasri la Zanzibar ya mwezi Agosti 1896, ambapo Khalid bin Barghash alijifungia kasrini na kupigwa mizinga na manowari za Uingereza, kisha binamu yake, Hamud bin Mohammed, akawekwa kitini. Jina la mshindi huyo lingalipo hadi leo katika mji wa Sultan Hamud, Kaunti ya Makueni. Hoja kuu ya makala ni kwamba sehemu kubwa ya mabishano juu ya tukio hilo hutokana na swali moja ambalo mwanafunzi wa sarufi analifahamu vyema: mtenda ni nani?

1.0 Utangulizi

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa kwa barabara kuu hupita Salama, kisha Sultan Hamud, kabla ya kufika Emali. Mji huu umo katika nchi ya Wakamba. Miji na vijiji vingi vinavyouzunguka vina majina ya Kikamba au majina yaliyotokana na lugha za majirani, lakini huu una cheo cha Kiarabu na jina la mtu wa ukoo wa Al Busaid aliyetawala Zanzibar. Wahenga walisema kwamba zumari ipigwapo Unguja, wachezao huwa hadi kwenye maziwa makuu. Jina la Sultan Hamud ni mfano wa ngoma hiyo kusikika bara. Linalosalia ni kuuliza nani aliyepuliza zumari.

Kwa mujibu wa maelezo yanayofahamika sana, mji ulipata jina hilo kwa sababu Sultani Hamud bin Mohammed alifika mahali hapo wakati reli ya kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria ilipokuwa ikijengwa, kati ya 1896 na 1901. Maelezo hayo hutosheleza haja ya mtu anayetaka kujua asili ya jina tu. Hata hivyo, hayasemi Hamud alifikaje kwenye kiti kilichompa cheo hicho. Jibu la swali hilo limo katika mazingiwa ya siku tatu yaliyotokea mbele ya bahari ya Unguja, ambayo historia yake ingali inabishaniwa.

Makala yamegawika katika sehemu nne. Kwanza, yanaeleza usuli wa ugomvi wa kiti. Pili, yanasimulia mazingiwa yenyewe. Tatu, yanaainisha mambo yanayobishaniwa. Nne, yanatumia nadharia ya kawaida ya kauli za kitenzi kuchunguza sentensi ambazo tukio hili huelezwa kwazo katika Kiswahili, kabla ya kurejea Makueni na kuhitimisha.

2.0 Usuli: Kiti kisicho na mrithi mmoja

Sayyid Said bin Sultan alifariki mwaka 1856, akaacha watoto wengi na milki iliyotandaa kutoka Oman hadi pwani ya Afrika Mashariki. Ukoo wa Al Busaid haukuwa na kanuni kwamba kifungua mimba ndiye mrithi. Kiti kilimwendea yule aliyekubaliwa na wakubwa wa ukoo na aliyekuwa na nguvu za kukishika. Kwa hiyo, kila msiba wa sultani ulikuwa pia mwanzo wa mashindano.

Shindano la kwanza lilitokea kati ya ndugu wawili, Majid aliyekuwa Unguja na Thuwaini aliyekuwa Oman. Ugomvi wao uliamuliwa mwaka 1861 na Lord Canning, mtawala wa Uingereza nchini India, aliyeigawa milki hiyo kuwa nchi mbili. Kabla ya hapo, mwaka 1859, ndugu mwingine, Barghash, alimwasi Majid. Akisaidiwa na Waarabu wa kabila la Al Harthi, pamoja na baadhi ya dada zake, alijiimarisha katika jumba la shamba lililoitwa Marseilles. Askari wa Majid walilishambulia jumba hilo. Balozi mdogo wa Uingereza, Rigby, akaleta mabaharia wa manowari kumsaidia Majid. Barghash alishindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay. Baadaye alirejea, na kuanzia 1870 hadi 1888 akawa ndiye sultani.

Mmoja wa wale dada waliomsaidia alikuwa Sayyida Salme, ambaye baadaye alijulikana kama Emily Ruete, na ambaye mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Salme alikuwa kijana ajuaye kuandika, na alitumika kama mwandishi wa barua za kundi la Barghash. Kumbukumbu zake zina umuhimu kwa mada hii kwa sababu anajitaja kuwa mtenda, na hata kueleza majuto yake. Katika taarifa za kibalozi, uasi ule ni jambo la wanaume na manowari. Katika simulizi ya Salme, dada walipanga, waliandika na walificha siri. Tukio ni lilelile, lakini orodha ya watenda imebadilika.

Mtindo huu wa mdai kiti kujifungia ngomeni, na Uingereza kumchagua mdai mwingine, ulijitokeza pia katika pwani ya Kenya. Mwaka 1895 alifariki Salim bin Khamis wa Takaungu, mkubwa wa Mazrui wa huko. Waingereza walimkubali mwanawe, Rashid bin Salim. Wengine wa ukoo walipinga, na Mbaruk bin Rashid wa Gazi akajiunga na upinzani. Mnamo Agosti 1895, Admeri Harry Rawson aliongoza kikosi kilichoiteka ngome ya Mbaruk huko Mwele, kusini ya Mombasa. Vita viliendelea hadi Aprili 1896, Mbaruk alipovuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Miezi minne baadaye, Rawson huyohuyo alikuwa amesimamisha manowari zake mbele ya kasri la Unguja.

3.0 Mazingiwa ya kasri, 25–27 Agosti 1896

Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896, kabla ya adhuhuri. Wapo walioshuku kwamba alitiliwa sumu, na shuka hizo hazijapata kuthibitishwa. Katika muda mfupi baada ya kifo hicho, binamu yake Khalid, mwana wa yule Barghash wa 1859, aliingia kasrini na kutangazwa sultani. Hii ilikuwa mara yake ya pili. Mwaka 1893, Sultani Ali bin Said alipofariki, Khalid aliingia kasrini vivyo hivyo, lakini akashawishiwa kutoka, na kiti kikachukuliwa na Hamad.

Mara hii hakutoka. Waliomfuata kasrini walikadiriwa kuwa watu 2,800 hivi. Miongoni mwao walikuwamo askari wa sultani waliokuwa na silaha na mafunzo, lakini wengi walikuwa raia, watumishi na watumwa wa nyumba za wakubwa. Walikuwa na mizinga kadhaa, bunduki za rasharasha, na merikebu moja ya sultani, Glasgow, iliyotia nanga mbele ya mji.

Kasri lenyewe halikuwa ngome ya vita. Lilikuwa mkusanyiko wa majumba yaliyotazama bahari: Beit al-Sahel, Beit al-Hukm, na Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, lililojengwa na Barghash mwaka 1883. Ngome halisi ya mji, ile Ngome Kongwe ya mawe, ilikuwa karibu tu na Beit al-Ajaib. Khalid hakuchagua ukuta mnene. Alichagua kiti na bendera, akavigeuza kuwa ngome.

Upande wa pili alikuwapo Basil Cave, kaimu balozi mdogo wa Uingereza, pamoja na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya sultani. Chini ya afisa mwingine Mwingereza, Arthur Raikes, walikuwapo askari wa Kizanzibari wapatao 900. Baharini zilikuwapo manowari tano: Philomel, Thrush, Sparrow, Racoon na St George, hii ya mwisho ikiwa ya Admeri Rawson. Cave aliomba idhini kutoka London, akaipata. Tarehe 26 Agosti Khalid alipewa onyo: ateremshe bendera na atoke kasrini kabla ya saa tatu asubuhi ya siku ya pili. Asubuhi ya tarehe 27 alijibu kwamba hatateremsha bendera, na kwamba haamini kuwa Waingereza watampiga.

Mizinga ilianza kulia saa tatu na dakika mbili. Beit al-Hukm, lililojengwa kwa mbao nyingi, liliwaka moto. Glasgow ilizamishwa bandarini. Takriban makombora 500 yalivurumishwa. Kufikia kiasi cha saa tatu na dakika arobaini, bendera ilikuwa chini na mizinga ikanyamaza. Upande wa Khalid, watu wapatao 500, wanaume kwa wanawake, waliuawa au walijeruhiwa. Upande wa Waingereza, baharia mmoja alijeruhiwa vibaya. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Alasiri ya siku hiyohiyo, Hamud bin Mohammed alitangazwa sultani.

4.0 Mambo yanayobishaniwa

4.1 Muda

Tukio hili hutajwa mara nyingi kuwa vita vifupi kuliko vyote katika historia. Wengine husema dakika 38, wengine 40, wengine 45. Tofauti hizo ni ndogo na hazina uzito mkubwa. Uzito upo katika mahali saa inapoanza na kuishia. Anayehesabu dakika 38 anahesabu muda wa mizinga ya manowari. Anayehesabu mazingiwa huanza tarehe 25 Agosti, Khalid alipofunga milango ya kasri, na kupata siku tatu. Hata hesabu hiyo haifiki mwisho. Khalid alikaa katika ubalozi mdogo wa Ujerumani akingojewa nje na askari hadi tarehe 2 Oktoba 1896. Siku hiyo maji yalijaa hadi ubalozini, akatolewa kwa mashua hadi manowari ya Kijerumani, akapelekwa Dar es Salaam. Kwa hesabu hiyo, kuzingirwa kwake kulidumu zaidi ya wiki tano. Hesabu ya dakika humfurahisha msomaji wa mambo ya ajabu, lakini hugeuza vifo na majeraha ya watu 500 kuwa fumbo la kuchangamsha baraza.

4.2 Jina la tukio

Je, hivyo vilikuwa vita vya Uingereza na Zanzibar? Jina hilo lina tatizo. Serikali ya Zanzibar ilikuwa pande zote mbili. Waziri mkuu wake, Mathews, na askari wake 900 walikuwa upande wa manowari. Walinzi wengine wa kasri na merikebu ya sultani walikuwa upande wa Khalid. Wadai kiti wawili walikuwa wana wa ndugu: Khalid mwana wa Barghash, Hamud mwana wa Mohammed, wote wajukuu wa Sayyid Said, kama alivyokuwa marehemu Hamad. Kwa mtazamo huo, tukio lilikuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mfululizo wa ule ugomvi wa 1856 na 1859.

Hata hivyo, jina la vita vya wenyewe kwa wenyewe nalo lina tatizo lake. Hamud hakuongoza jeshi lolote dhidi ya Khalid. Mizinga iliyoamua ugomvi haikuwa ya ukoo. Anayeuita ugomvi wa ndugu humtoa mgeni uwanjani, na anayeuita vita vya mataifa mawili humtoa ndugu. Wengine huliita tukio uasi. Neno hili linamchukulia Hamud kuwa tayari alikuwa na haki wakati Khalid alipoingia kasrini, ilhali Hamud hakuwa ametangazwa bado.

4.3 Kukimbia kwa Khalid

Taarifa za magazeti ya wakati ule zilidai kwamba Khalid alitoroka mara tu kombora la kwanza lilipopigwa, akawaacha wafuasi na watumwa waendelee kupigana. Maelezo mengine yanasema alibaki kasrini muda mrefu zaidi. Jambo hili lina uzito wa kimaadili, kwa kuwa linahusu nani aliyebaki chini ya paa lililokuwa likiungua. Lakini jibu lolote litakalotolewa haliondoi ukweli kwamba waliokufa wengi hawakuwa wadai wa kiti chochote.

4.4 Haki ya kiti

Waingereza walishikilia kwamba, kwa kuwa Zanzibar iliwekwa chini ya ulinzi wao mwaka 1890, hakuna awezaye kukikalia kiti bila ridhaa yao. Wafuasi wa Khalid walishikilia desturi ya ukoo na heshima ya nyumba ya Barghash. Ikumbukwe pia kwamba upande wa Khalid haukuwa upande wa uhuru wa kila mtu. Miongoni mwa waliouunga mkono walikuwamo wenye mashamba walioogopa kupoteza watumwa wao. Na Hamud, aliyewekwa na manowari, ndiye aliyetia saini amri ya tarehe 6 Aprili 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa, ingawa aliitia kwa shinikizo la haohao waliomweka. Kwa hiyo, msomaji anayetafuta shujaa safi katika kisa hiki atarudi mikono mitupu.

5.0 Kauli za kitenzi na kumtafuta mtenda

Baada ya kuyaona mabishano hayo, yafaa kuangalia lugha inayoyabeba. Kitenzi kinachotumika zaidi katika kueleza tukio hili ni -tawaza. Kimofolojia, -tawaza ni kauli ya kutendesha ya -tawala, kama -laza ilivyo kwa -lala. Kumtawaza mtu ni kumfanya atawale. Kwa hiyo, kitenzi hiki kinadai washiriki wawili: anayefanya na anayefanywa. Zitazamwe sentensi tatu zifuatazo:

(1) Khalid alijitawaza.
(2) Hamud alitawazwa.
(3) Waingereza walimtawaza Hamud.

Sentensi (1) na (2) ndizo zinazozoeleka. Kila moja peke yake haina kosa. Zikiwekwa pamoja, hata hivyo, zinatoa hukumu. Katika (1), kiambishi -ji- kinamfanya Khalid kuwa mtenda na mtendwa kwa pamoja. Kinyozi hajinyoi, na anayejinyoa huonekana ana walakini. Waliomshangilia kasrini, waliomtangaza na waliochukua silaha kwa ajili yake wamefutwa na silabi moja. Katika (2), kiambishi -w- kinamweka Hamud penye nafasi ya kiima bila kumtaja mtenda. Msikilizaji hubaki akidhani kwamba mtenda ni desturi, ukoo, au umma. Sentensi (3) inamrudisha mtenda, na mara moja mizani inabadilika: Khalid naye alitawazwa na baadhi ya watu, na Hamud naye hakutawazwa na watu wote.

Kauli ya kutendeka hupiga hatua zaidi:

(4) Beit al-Hukm lilibomoka.
(5) Beit al-Hukm lilibomolewa.
(6) Manowari za Waingereza zililibomoa Beit al-Hukm.

Sentensi (5) inasitiri mtenda lakini inakiri kwamba yupo, na msomaji anaweza kuuliza, 'Na nani?' Sentensi (4) haikubali hata swali hilo. Jumba limebomoka kama ukuta wa udongo uliolowa mvua. Yapo majengo ambayo kauli hiyo inayastahili zaidi. Mnamo Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, na hakuna aliyeipiga kombora. Beit al-Hukm halikuwa hivyo. Lilipigwa, likaungua, na halikujengwa tena.

Yaweza kusemwa kwamba (6) ndiyo sentensi kamili. Lakini nayo ina pazia lake, kwa kuwa manowari hazijiendeshi. Cave aliomba idhini, serikali ya London ikaitoa, Rawson akaamuru, mabaharia wakafyatua, na askari wa Kizanzibari chini ya Raikes wakasimama tayari nchi kavu. Kumtafuta mtenda si kumpata mmoja na kutosheka. Ni kuipanga ngazi yote ya wajibu, pamoja na wale wenyeji waliosimama kwenye vidato vyake.

Upo mfano wa tatu, nao ni mzito kuliko yote:

(7) Watu wapatao 500 walikufa au walijeruhiwa.

Kitenzi -fa hakihitaji mtenda. Mtu anaweza kufa kwa homa au kwa uzee. Waliokuwa kasrini waliuawa. Zaidi ya hayo, baada ya mapigano wafuasi wa Khalid walitozwa fidia iliyojumuisha gharama za makombora yaliyofyatuliwa dhidi yao. Sentensi inayosema tu kwamba 'fidia ililipwa' ni sahihi kisarufi, lakini inamkosesha msomaji jambo ambalo lingemshtua: walipaji ndio walioungua.

Hapa budi itolewe tahadhari. Kauli ya kutendwa si uongo, na haifai kutuhumiwa kila inapotokea. Kiswahili huitumia kwa sababu nyingi halali: mtenda hajulikani, mtenda si muhimu, au msemaji anataka kumweka mtendwa mbele kama mada. Mwanahistoria asiyejua nani alifyatua kombora fulani hana budi kusema lilifyatuliwa. Aidha, anayeandika kwa kutaja watenda anaweza pia kupotosha, kwa kumtaja mmoja na kuwaacha wengine, kama ilivyoonyeshwa katika (6). Kinachodaiwa hapa ni ulinganifu. Mwandishi akimpa Khalid -ji-, ampe msomaji pia jina la aliyemtawaza Hamud. Akisema jumba lilibomoka, awe tayari kueleza kwa nini hakusema lilibomolewa.

6.0 Kurejea Makueni

Kwa mwanga huo, sentensi nyepesi kama 'Mji ulipewa jina la Sultan Hamud' inakuwa zoezi. Ulipewa na nani? Haukupewa na sultani mwenyewe kwa mamlaka yake, kwa kuwa hapo hakuwa na mamlaka. Kwa mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, sultani aliachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tu, yaani kilomita 16 hivi. Mwaka 1895 hata ukanda huo uliwekwa chini ya uendeshaji wa Waingereza. Mji wa Sultan Hamud uko zaidi ya kilomita 300 kutoka Mombasa. Hamud alifika pale akiwa mgeni wa reli ambayo si yake, katika nchi ambayo haikuwa yake. Wala hakuna dalili katika jina lenyewe kwamba Wakamba, wenye ardhi hiyo, waliulizwa.

Jina hilo basi halielezi utawala wa Hamud. Linaeleza uhusiano kati yake na waliojenga reli, ambao ni walewale waliomweka kitini. Ni heshima ambayo wenye nguvu walimpa mtu wao. Laiti mizinga ya tarehe 27 Agosti 1896 isingelia, yamkini mahali hapo pangekuwa na jina jingine.

Majaaliwa ya wale binamu wawili yanaongeza jambo moja. Hamud alifariki mwaka 1902 akiwa kitini. Khalid alikaa Dar es Salaam hadi Waingereza walipomkamata wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Walimpeleka uhamishoni Visiwa vya Shelisheli na kisha St Helena, na mwishowe wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki. Alifariki Mombasa mwaka 1927. Mombasa ndiko reli ilikoanzia. Aliyeshindwa alifia kwenye mwanzo wa njia, na aliyeshinda ameandikwa kwenye kibao katikati ya njia. Mwaka 1964 Mapinduzi ya Zanzibar yaliuondoa usultani wenyewe, lakini cheo hicho kingali kinatamkwa kila siku na makondakta, wachuuzi na wanafunzi wa Makueni, wengi wao bila sababu ya kujiuliza kilikotoka.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mazingiwa ya kasri la Zanzibar hayawezi kufungiwa katika jina moja. Yalikuwa ugomvi wa ukoo ambao mgeni aliuamua, na yalikuwa shambulio la mgeni lililowakuta wenyeji wakiwa pande zote mbili. Mabishano juu ya muda, jina la tukio, mwenendo wa Khalid na haki ya kiti hayatamalizwa na sarufi. Sarufi, hata hivyo, inaweza kuyafanya yawe ya haki zaidi, kwa kumlazimu kila msemaji aeleze nani alimtenda nani.

Huu si wajibu wa wanahistoria peke yao. Walimu wa Kiswahili hufundisha kauli za kitenzi kila mwaka kwa mifano ya chakula kilicholiwa na nguo zilizofuliwa. Mifano hiyo ina nafasi yake. Lakini mwanafunzi aliyezaliwa karibu na kituo cha Sultan Hamud anastahili pia kujua kwamba -w- iliyomo katika sentensi 'Hamud alitawazwa' imefunika manowari tano, na nyuma ya manowari hizo watu wapatao 500, wanaume kwa wanawake, ambao majina yao hayakuandikwa kwenye kibao chochote cha reli.

Maswali ya mjadala

1. Andika aya mbili kuhusu asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, moja kwa kutumia kauli ya kutendwa na kutendeka pekee, nyingine kwa kutaja watenda wote unaowafahamu. Linganisha hukumu ambayo kila aya inampa msomaji.

2. Jadili tofauti za kimaana kati ya maneno haya yanapotumiwa kumweleza Khalid bin Barghash: mwasi, mdai kiti, mrithi, sultani.

3. Chagua jina la mji au kituo chochote cha reli katika eneo lako. Eleza mtenda aliyesitiriwa katika sentensi 'Mji huu uliitwa…'